Hita Inayovuja Maji Kwenye Gari la Zamani: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kushusha Dashibodi

Mwenye Corolla, Noah au HiAce ya miaka ya 1990 anayeishi Dar es Salaam au Mombasa anaweza kumiliki gari miaka kumi bila kuiwasha hita hata siku moja. Wa Njombe, Makete au Limuru anaihitaji kila asubuhi ya Julai. Lakini kwa wote wawili maji ya injini yamo ndani ya hita muda wote, na kwa wote wawili siku moja yataanza kuvuja. Hapo ndipo zinapotoka kauli mbili za haraka gereji: "rejeta ya hita imetoboka, tushushe dashibodi," au "tuizibe tu, huku joto lote hili hita ya nini?" Ya kwanza mara nyingi ni gharama ya bure, kwa sababu kinachovuja ni mpira au vali. Ya pili inaweza kuwa sawa kabisa, au ikaisumbua injini, kutegemea gari lilivyoundwa.

Tuanze na njia ya maji. Pampu ya maji inayazungusha ndani ya bloku na silinda hedi. Sehemu ndogo ya maji ya moto huchepushwa kupitia mpira wa hita, mara nyingi wenye tundu la milimita 16 (nusu inchi na kidogo), hadi kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini. Nyuma ya ukuta huo, ndani ya dashibodi, kuna rejeta ya hita. Ni ndogo, ukubwa wake kama kitabu kinene. Maji yakishaipitia hurudi kwa mpira wa pili hadi upande wa kuvutia wa pampu. Fani ya kabini hupuliza hewa kwenye mapezi ya rejeta hiyo, na hewa huingia ndani ikiwa ya moto.

Magari mengi ya zamani yana vali ya hita kwenye mpira wa kuingia, inayovutwa na waya kutoka kwenye kitufe cha joto. Ukiweka kwenye baridi, vali hufunga na maji ya moto hayaingii. Mengine hayana vali kabisa. Maji huzunguka ndani ya rejeta ya hita saa zote, na kitufe cha joto kazi yake ni kugeuza mlango wa hewa tu. Fungua boneti uangalie lako liko kundi gani, maana jibu hilo litaamua mambo baadaye.

Wengi huamini kwamba hita ikizimwa, rejeta yake haina kazi na haiwezi kuvuja. Si kweli. Vali hufunga upande mmoja tu. Upande wa kurudi uko wazi kwenye pampu, na presha ya mfumo mzima inaingia kwa mlango huo wa nyuma. Ndiyo maana gari la Tanga, ambalo hita yake haijawahi kuwashwa, linaweza kulowesha kapeti kama la Mbeya.

Presha yenyewe imeandikwa juu ya kifuniko cha rejeta kubwa, ile inayopoza maji ya injini. Toyota nyingi za zamani zina 0.9 au 1.1, yaani takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kwa presha hiyo ya 0.9 maji matupu usawa wa bahari huchemka karibu nyuzi 118 badala ya 100. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na injini nyingi hufanya kazi kati ya 85 na 95. Uvujaji mdogo unaoonekana hauna madhara ukiwa pwani unatosha kuchemsha gari nyanda za juu, kwa sababu kilichopotea si maji peke yake, ni presha pia.

Dalili zinazosema ukweli

Maji kwenye kapeti hayamaanishi hita moja kwa moja. Washukiwa ni watatu: hita, AC na mvua. Maji ya AC ni meupe, hayana harufu wala utelezi, na hutokea siku ulizowasha AC. Mrija wake wa kutolea maji chini ya gari ukiziba kwa vumbi na majani, maji hufurika ndani. Waya laini ukiingizwa taratibu kwenye mrija huo humaliza tatizo. Maji ya mvua huonekana baada ya mvua au kuosha gari, na hupitia mpira wa kioo cha mbele, sili za mlango au matundu yaliyo chini ya waipa.

Maji ya hita yana tabia yake. Kama ndani mna kulanti (dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji), yana rangi na harufu tamu tamu, na ukiyasugua kati ya vidole yanateleza. Kioo cha mbele hupata ukungu wenye mafuta usiofutika kwa kitambaa kikavu, hasa ukipuliza hewa ya moto kwenye kioo. Kapeti hulowa kuanzia katikati, karibu na gia, kisha upande wa abiria. Usiyaonje kamwe ili kuhakikisha. Ethilini glaikoli, ambayo ndiyo kulanti nyingi, ni sumu kali yenye ladha tamu, na mbwa au mtoto anaweza kuinywa kwa hiari yake. Na kama gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba pekee, hutapata utamu wala utelezi. Tafuta madoa ya kutu au unga mweupe wa chumvi mahali maji yalipokaukia.

Katika magari mengi rejeta ya hita na kipoza hewa cha AC viko kwenye boksi moja, na mrija wa kutolea maji ni mmoja. Mrija huo ukidondosha maji yenye rangi huku AC imezimwa, rejeta ya hita ndiyo mshukiwa wa kwanza, hata kama kapeti bado ni kavu.

Kuna pia uvujaji wa asubuhi. Gari likilala, mpira na chuma hupoa na kusinyaa, mpira mkongwe uliokakamaa unaachia kidogo, na unakuta tone chini ya klipu inayoubana. Ukiwasha, vinatanuka, tone linakoma, na fundi aliyeletewa gari saa sita mchana haoni kitu. Liache gari lilale hapohapo gereji, alikague asubuhi kabla halijawashwa.

Kupima kwa presha

Kifaa cha kazi hii ni pampu ya mkono yenye geji, inayofungwa mahali pa kifuniko cha rejeta. Mafundi wengi wa rejeta wanayo. Injini iwe baridi kabisa, jaza maji hadi juu, weka kitufe cha hita kwenye joto la mwisho ili vali iwe wazi, kisha pampu hadi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, si zaidi. Subiri dakika 15. Mshale ukisimama, mfumo ni mzima kwa presha hiyo. Ukishuka, chukua tochi. Kagua mipira yote miwili ya hita, hasa chini ya klipu na mahali inapojikunja, kisha vali, kisha pale mabomba yanapopenya ukuta wa chuma. Ingia na ndani: ng'oa kidroo cha abiria na upapase chini ya boksi la hita kwa karatasi ya chooni. Karatasi nyeupe huonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi.

Mshale ukishuka na usione tone popote, tenganisha. Chomoa mipira yote miwili kwenye mabomba ya hita na uunganishe ncha za upande wa injini kwa kipande kifupi cha bomba la shaba. Pima tena. Presha ikisimama sasa, kinachovuja kiko upande wa hita. Ikiendelea kushuka, hita haina kosa, rudi kwenye rejeta kubwa, pampu ya maji na gasketi ya silinda hedi. Wapo wanaobana mipira kwa koleo badala ya kuichomoa. Kwa mpira mpya sawa, kwa wa miaka 20 utaupasua ndani na kuongeza kazi.

Sasa ipime rejeta ya hita peke yake ikiwa bado ndani ya gari. Ziba bomba lake moja kwa kipande cha mpira chenye bolti na klipu, lingine unganisha na pampu ya mkono, sukuma presha ileile. Ikishuka, hapo ndipo una haki ya kuzungumzia dashibodi. Kipimo hiki hakizidi nusu saa, na kinapaswa kufanyika kabla ya mtu kugusa skrubu moja ya dashibodi. Usitumie kompresa ya matairi moja kwa moja. Presha yake ni mara sita au nane ya ile rejeta iliyoundwa kuibeba, na itatoboa hata iliyokuwa nzima.

Bila pampu, njia ya pili ni kuendesha gari hadi lipate moto kamili, kulizima, na kukagua katika dakika kumi zinazofuata kifuniko kikiwa kimefungwa. Joto lililobaki kwenye chuma huendelea kuingia kwenye maji yaliyosimama, na presha huwa ya juu wakati huo. Usifungue kifuniko.

Jambo moja kabla ya kununua chochote: kama mipira inapasuka mmoja baada ya mwingine, uliza kwa nini. Kifuniko kilichoganda hakitoi presha iliyozidi. Gasketi ya silinda hedi iliyoungua hupuliza gesi ya silinda kwenye maji. Washa injini ya baridi na ushike mpira wa juu wa rejeta. Ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, maji yakiwa bado baridi, hiyo si presha ya joto. Kubadilisha hita hakutasaidia.

Mipira, vali na viungo

Mpira mbovu haukatwi ncha na kurudishwa. Ukiwa umevimba, umelainika kama umelowa mafuta, au ukiubonyeza unasikika kama majani makavu, badilisha yote miwili. Nunua mpira wa hita wenye nyuzi ndani, wa kipimo kilekile. Mpira wa petroli umetengenezwa kwa kazi nyingine, na ule wa bustani utapasuka mara moja.

Kuutoa ndiko kunakoharibu. Mabomba ya rejeta ya hita ni membamba na yameunganishwa kwa lehemu. Ukiuzungusha mpira ulioganda kwa koleo, unavunja kiungo ndani ya dashibodi na uvujaji wa buku chache unageuka kazi ya siku mbili. Chana mpira kwa urefu kwa wembe, taratibu usichore bomba, kisha uumenye. Safisha kutu na msasa laini. Paka maji ya sabuni, si grisi wala mafuta, ingiza mpira mpya uvuke kishingo cha bomba, na klipu ikae nyuma ya kishingo, milimita chache kutoka ncha ya mpira. Klipu za springi alizoweka mtengenezaji ni bora kuliko sifa wanazopewa, kwa sababu huendelea kubana mpira unaposinyaa. Za skrubu hukazwa mno hadi zikakata mpira, na baada ya joto la kwanza zinataka kukazwa tena kidogo.

Vali ya plastiki hupasuka mwilini au huvuja kwenye mhimili unaozungushwa na waya. Hairekebishwi kwa gundi. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na injini iliyochemka.

Magari yenye hita mbili yana mengi zaidi ya kuangalia. Land Cruiser ya mfululizo wa 100 ina viungo viwili vya plastiki vya umbo la T karibu na ukuta wa chuma, vinavyogawa maji kwenda hita ya mbele na ya nyuma. Baada ya miaka ya joto hukauka kama biskuti, na vikivunjika njiani maji yote humwagika kwa muda mfupi. Visisubiriwe vivuje. Badilisha pamoja na mipira yake, na ukianza kuvigusa uwe tayari una vipya mkononi, maana vinavunjikia vidoleni. Land Cruiser ya mfululizo wa 80 yenye injini ya petroli 1FZ-FE ina mpira mfupi wa hita uliojificha nyuma ya injini, chini ya manifoldi ya kuvuta hewa, ambao watu huusahau wakibadilisha mingine. Na van zenye hita ya abiria wa nyuma zina mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu. Matope yakikaa juu yake, yanakula kutu kutoka nje. Kama hita ya nyuma haitumiki, kuikata pale mbele kwenye viungo vya T ni uamuzi mzuri.

Rejeta ya hita yenyewe

Ikithibitika imetoboka, swali ni la chuma gani. Ya zamani ya shaba na brasi fundi wa rejeta anaweza kuilehemu, na akiilehemu vizuri, itadumu. Ya alumini hailehemiki kwa risasi ya kawaida, na zile zilizobandikwa gundi ya epoksi hurudi gereji. Nunua nyingine. Ukinunua ya mtumba, ipime kwanza ndani ya beseni la maji kwa presha ya kifuniko, kabla haijaingia ndani ya gari.

Kuhusu dawa za kuziba rejeta, ute wa yai, pilipili manga na ndugu zake: hufanya kazi kwa kukwama kwenye njia nyembamba, na njia nyembamba kuliko zote kwenye gari ni mirija ya rejeta ya hita. Ukitia, tundu linaweza kuziba, na hita pia. Ni ya kukufikisha mjini tu.

Kabla ya kuanza kazi, chomoa nguzo hasi ya betri. Gari lenye erbegi lisubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa usukani au dashibodi. Mwaga lita mbili au tatu kutoka rejeta kubwa kwenye chombo safi, chomoa mipira kwenye ukuta wa chuma, na upulize kwa mdomo kupitia kipande cha mpira safi ili maji yaliyobaki yatokee upande wa pili badala ya kumwagika kabini. Magari mengine huruhusu rejeta ichomolewe ubavuni mwa boksi baada ya kutoa kidroo na vibana vya mabomba. Chunguza hilo kwanza, litakuokolea siku nzima. Mengine yanadai dashibodi yote, na machache yanadai hata mabomba ya AC yafunguliwe. Hapo gesi inyonywe kwa mashine, isiachiwe hewani. Piga picha kila plagi na kila waya kabla ya kuchomoa, na weka skrubu kwa makundi.

Sponji zinazozunguka rejeta si mapambo. Zisiporudishwa, hewa hupita pembeni, na utalalamika kwamba hita mpya haina moto. Kapeti nalo litolewe, lioshwe na kukaushwa juani pamoja na godoro lake la chini. Kulanti iliyonyonywa humo haikauki yenyewe, na sakafu huanza kuoza.

Kuiziba, kama umeamua kuiziba

Kwa mtu wa pwani huu ni uamuzi halali, mradi ufanywe vizuri. Kama gari lako lina vali inayofunga maji kabisa, basi injini iliundwa kuweza kuishi bila mzunguko wa hita, na kuziba ncha zote mbili hakutaidhuru. Kama halina vali, aliyeliunda alitegemea maji yapite pale muda wote, na kwenye baadhi ya injini ndiyo maji yanayoijulisha themostati (vali inayofungulia maji kwenda rejeta kubwa yakipata moto) joto la kweli. Ukiziba, themostati inachelewa kufunguka. Hapo unganisha kitanzi: mpira mmoja wa hita kutoka pa kutokea hadi pa kurudi, usiojikunja wala kugusa manifoldi ya moshi. Ukihitaji kiungo, tumia cha brasi au shaba. Bomba la PVC la maji ya nyumbani hulainika kwa joto hili na kuchomoka.

Toa pia maji yaliyobaki ndani ya rejeta ya hita na uzibe mabomba yake, la sivyo yataendelea kudondoka kwenye kapeti kwa wiki na utadhani kazi haikufanyika. Na kumbuka unachopoteza: hita iliyo wazi na fani ya mwisho ni msaada wa dharura gari linapoanza kupandisha joto kwenye mlima kama Kitonga, na hewa ya moto ndiyo inayoondoa ukungu wa kioo haraka kwenye mvua ya baridi.

Kujaza na kutoa hewa

Rejeta za hita hufa kwa maji ya bomba, na hufa mapema zaidi kwa maji ya visima vya pwani yenye chumvi. Changanya nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa chumvi, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Soma chupa vizuri, isije ikawa asidi. Corolla ndogo huchukua lita 5 hadi 6 kwa jumla. Kabla ya kujaza, suuza mfumo kwa maji ya presha ndogo, kwa njia zote mbili za hita, hadi yatoke meupe.

Egesha gari pua ikiwa juu kidogo, hita kwenye joto la mwisho, jaza polepole huku ukibonyeza mipira. Washa bila kifuniko, ongeza kadiri viputo vinavyotoka na maji yanavyoshuka. Maji yakianza kupanda na kufurika, funga kifuniko, acha hadi fani ya rejeta iwake na kuzima mara mbili. Shika mipira ya hita: yote miwili inapaswa kuwa ya moto. Mmoja moto na mwingine baridi ni hewa iliyonaswa, vali iliyofunga, au rejeta ya hita iliyoziba. Gari likipoa usiku, angalia tena kiwango asubuhi na uongeze. Kushuka kidogo siku ya kwanza ni hewa iliyotoka, kushuka siku ya tatu ni uvujaji mwingine.

Mwisho kuna kipimo kinachohitaji multimeta tu, ile mita ndogo ya mafundi ya kupimia volti. Waya mweusi kwenye nguzo hasi ya betri, mwekundu uchovye ndani ya maji ya rejeta injini ikiwa baridi, bila kugusa chuma. Ikizidi volti 0.3, dawa ya kuzuia kutu imekwisha au umeme unapita kwenye maji. Washa injini, taa na fani ya kabini. Namba ikiruka juu, kuna waya mbovu wa ethi (unaorudisha umeme kwenye nguzo hasi ya betri), hivyo umeme unarudi kupitia maji, na rejeta mpya ya alumini uliyoifunga itatoboka kama ile ya kwanza. Safisha na kaza ethi ya injini na ya bodi kabla ya kurudisha gari barabarani.